Kicheko Humwangukia Nani? Mume Mdanganyifu katika Filamu ya "Xala" na Mchezo wa "Twende na Wakati"

Hakuna jambo linalowachekesha watu wetu upesi kama ndoa iliyoingiwa na udanganyifu. Mume arudiye alfajiri akidai kuwa alikuwa matangani. Mke ampokeaye hawara kwa jina la binamu. Mama mkwe ajuaye yote na kujifanya hajui: wahusika hawa wanajulikana ngomani, vilabuni na katika kumbi za maonyesho, Bara na Visiwani. Mwigizaji huwa hajamaliza hata sentensi yake ya kwanza, watu wamekwisha kucheka. Lakini kazi hiyo hiyo iingiapo darasani kicheko hukoma, na mwalimu huuliza swali moja tu: je, mwovu ameadhibiwa? Akiwa ameadhibiwa, kazi husifiwa kuwa ina mafunzo. Asipoadhibiwa, hukemewa kuwa inapotosha vijana. Kisha kengele hulia.

Sisi twaona kuwa swali hilo ni finyu. Adhabu huja mwishoni, pengine katika dakika tano za mwisho, nayo ni rahisi kutungwa. Mtunzi yeyote aweza kumwangusha mwovu wake shimoni. Lililo gumu, na ndilo litoalo ubora wa kazi au unyonge wake, ni yale yapitayo kabla ya mwisho: nani anajua siri, nani hajui, na kicheko cha hadhira kinamwangukia nani muda wote huo. Katika makala hii tutalipima jambo hilo kwa kazi mbili. Moja ni filamu ya Xala, aliyoitengeneza Sembène Ousmane wa Senegal mwaka 1975, ambayo kwa maoni yetu ni miongoni mwa kazi chungu na za kuchekesha mno kupata kutokea barani Afrika juu ya ndoa. Ya pili ni yetu wenyewe, mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993. Moja hutazamwa, nyingine husikilizwa. Lakini zote mbili zina mume mdanganyifu, na katika zote mbili mtu hufika mahali akajikuta ameacha kucheka, asijue aliacha lini.

Kwanza yafaa tukumbuke kuwa kucheka, katika utamaduni wetu, hakukuwa kamwe jambo la hovyo. Usukumani, mathalani, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa miaka mingi baada ya mavuno. Kila manju huja na nyimbo zake. Huwakejeli wapinzani, huwagusa wavivu na wenye nyumba zisizo na utulivu. Na ushindi hupimwa kwa wingi wa watu wanaovutwa upande wake. Kejeli hiyo yaweza kuwa kali kupita kiasi. Hata hivyo ina haki yake: anayechekwa yupo papo hapo uwanjani, anasikia, na manju wa upande wake atajibu. Utani wa makabila na wa ukoo nao ni hivyo hivyo. Mtani wako hukucheka usoni, nawe humcheka usoni.

Kichekesho cha mume mdanganyifu kimejengwa vinginevyo. Mume anajua. Hadhira inajua. Mke hajui. Kwa hiyo mume na hadhira wana siri moja, nao hukonyezana juu ya kichwa cha mke. Kila uongo autoao mume, sisi watazamaji twausubiri kwa hamu. Na mke akiupokea, twacheka. Twamcheka nani? Midomoni twasema twamcheka mume mwongo. Kwa hakika twamcheka mke aliyeamini, ambaye ndiye peke yake asiyekuwamo uwanjani kujibu. Mwalimu awaulizaye wanafunzi wake kama mwovu ameadhibiwa hajaiona hila hii, maana muda wote darasa lilikuwa upande wa mwovu huyo huyo.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Filamu za Kiswahili za kuchekesha zilitengenezwa Tanganyika tangu miaka ya 1950, na katika mojawapo, Muhogo Mchungu, aliigiza kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Vikundi vya utamaduni, kama Muungano kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, viliweka kichekesho na igizo katikati ya ngoma na sarakasi, na mambo ya nyumbani yalikuwa chakula chao cha kila wiki. Filamu za video zilizoenea baada ya mwaka 2000 zikayachukua mambo hayo hayo zikayaingiza sebuleni. Hatutaki kuzikebehi kazi hizo. Zimewapa wasanii riziki na watu furaha. Twasema tu kwamba nyingi zimeridhika na viti vile vile: mume na hadhira ndani ya siri, mke nje.

Sasa tumtazame Mkwaju.

Twende na Wakati ulitungwa kwa kusudi maalumu. Ulifuata utaratibu uliobuniwa na Miguel Sabido katika televisheni ya Mexico, ambao huwapanga wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale walio katikati ambao hubadilika polepole mbele ya hadhira. Wa kuigwa walikuwa Fundi Mitindo na mkewe Mama Waridi. Wa kuepukwa alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake wengine kando ya barabara kuu. Wa katikati, aliyebadilika, alikuwa mke wake, Tunu. Kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi, hatuwezi kuyapita majina hayo bila kuyagusa. Mkwaju ni mti wa matunda machachu, na mkwaju ni fimbo. Watangazaji wa mpira nao wamelifanya kuwa pigo la penalti. Jina lina ukali na lina mzaha, linatamkika kwa raha, na kwa hiyo lilishika. Tunu ni kitu cha thamani, zawadi adimu. Mtunzi alikwisha kutuambia kila kitu kabla mchezo haujaanza, lakini nani huyasikiliza majina?

Twakumbusha kuwa mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Majumba ya sinema yalikuwa ya mijini. Kwa mtu wa kijijini, redio ndiyo iliyokuwa sinema yake, na picha aliichora mwenyewe kichwani. Mchezo ulitangazwa mara mbili kwa wiki, jioni, saa ambayo kazi za shamba zimekwisha na sufuria iko motoni.

Kwa sisi wa kando ya Ziwa, Mkwaju hakuhitaji maelezo. Kigongo iko wilayani Misungwi, upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Ng'ambo ya maji ni Busisi, wilayani Sengerema. Na barabara hiyo huendelea hadi Geita na Kagera. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kuvuka ila kivuko. Malori yalipanga foleni, na foleni ilipokuwa ndefu dereva aliweza kukaa saa nyingi, hata kulala. Penye foleni pana mama lishe, pana kinywaji, pana samaki wa kukaanga, pana chumba cha kupanga kwa usiku mmoja. Kazi ya serikali imetupitisha hapo mara nyingi, na katika miaka ile tuliwasikia vijana wa foleni wakiitana kwa jina la Mkwaju. Waliitana kwa kicheko, na tungependa msomaji aangalie kwamba haikuwa shutuma. Aliyeitwa Mkwaju alitabasamu.

Hapo ndipo hatari ya kichekesho ilipo. Mtunzi amemtengeneza mtu wa kuepukwa, akamtia ulaghai wa maneno ili asikilizwe, na sehemu ya hadhira yake ikampenda. Haikuwa hatari ya kinadharia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Huko Kagera, kabla jina rasmi halijazoeleka, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Hata jina lenyewe lilikuwa na mzaha. Watu walicheka kwa kuwa walikuwa na hofu, na kwa kuwa kitu kisichotamkika hutamkwa kwa utani. Barabara ya malori iliyopita Kigongo ndiyo iliyounganisha Mwanza na mkoa huo. Basi mchezo wa kuchekesha juu ya dereva mzinzi, ukisikilizwa kwenye foleni ya kivuko mwaka 1993, ulikuwa ukisikilizwa na watu ambao baadhi yao hawakuwa na miaka mingi ya kuishi.

Je, mchezo uliitokaje hatari hiyo? Wengi watajibu: kwa kumwua Mkwaju. Ni kweli kwamba Mkwaju alifikia kuugua UKIMWI akafa. Sisi twasema uliitoka mapema zaidi, kwa mkono wa Tunu. Mwanzoni Tunu ni mke wa vichekesho vyote tuvijuavyo: mtiifu, asiyehoji, aaminiye. Lau angebaki hivyo, Mkwaju angekufa shujaa, na vijana wa foleni wangemlilia mwenzao. Lakini Tunu anabadilika. Anaijua siri, na akiisha kuijua hangoji mwisho wa mchezo ili akombolewe na kifo cha mumewe. Anaondoka. Anaanzisha biashara yake ndogo, anasimama kwa miguu yake. Tangu hapo uongo wa Mkwaju hauna wa kuupokea. Mwongo asiye na mwenye kumwamini hachekeshi kwa namna ile ya kwanza. Anakuwa mtu anayesema peke yake, na hadhira iliyokuwa ikikonyezana naye inageuza shingo kumtazama mtu mwingine.

Liko jambo jingine, ambalo twaamini kuwa halikupangwa na mtunzi yeyote bali lilitokana na chombo chenyewe. Redio ya nyumbani haina kiti cha mume na kiti cha mke. Jioni ile mume na mke walisikiliza pamoja, chumba kimoja, na watoto wakiwa wanasikia. Siri iliyokuwa kati ya Mkwaju na hadhira ikawa imevuja tangu siku ya kwanza, kwa kuwa nusu ya hadhira walikuwa akina Tunu. Mume aliyecheka sana alitazamwa. Mke aliyenyamaza alitazamwa pia. Katika ukumbi wa maonyesho, ambako wanaume aghalabu ndio walio wengi, jambo hili halitokei kwa nguvu hiyo.

Mchezo huu ulipimwa kwa namna ambayo kazi zetu za sanaa hazijazoea. Kati ya mwaka 1993 na 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili watafiti waweze kulinganisha wakazi wa huko na wale wa sehemu nyingine za nchi. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kuwa palipotangazwa, watu waliosema wamepunguza idadi ya wapenzi, na waliosema wanatumia kondomu, waliongezeka kuliko Dodoma. Ni habari njema, na mtumishi wa umma hana budi kuifurahia, ingawa wenzetu wa Dodoma wana haki ya kunung'unika kidogo. Lakini takwimu hazisemi nani alicheka nini. Kazi hiyo imeachiwa wahakiki, na wahakiki wetu waliipita kimya, labda kwa kuwa ilikuwa redio, labda kwa kuwa ilikuwa na fedha za mradi ndani yake. Mtu husema "hiyo ni propaganda ya afya" akaona amemaliza. Lakini mtu aliyewahi kusikiliza kwa makini anajua kwamba Tunu alikuwa mhusika kamili kuliko wanawake wengi wa riwaya zetu zinazosomwa shuleni.

Ili tuone vema kilichofanywa na mchezo huo, na ambacho haukukifanya, yafaa tuuweke kando ya kazi ya bingwa. Sembène si mgeni kwa walimu wetu. Amandina Lihamba alimleta katika Kiswahili kwa tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, ambayo chanzo chake ni hadithi ya Sembène. Xala nayo ilikuwa kwanza riwaya, mwaka 1973, kabla ya kuwa filamu. Neno ni la Kiwolofu, na x yake hutamkwa kama kh. Maana yake ni laana ya kumwondolea mwanamume nguvu zake za unyumba. Tunajua kuwa baadhi ya walimu watasita kuizungumza mbele ya wanafunzi. Kidato cha tano na cha sita wanaimudu, na pengine watakuwa watulivu kuliko mwalimu.

Filamu inaanza na uhuru. Wafanya biashara Waafrika wanawafukuza Wafaransa katika Chemba ya Biashara. Sanamu zao zinatolewa nje na kuwekwa ngazini. Kitambo kidogo Wafaransa wanarudi na mikoba iliyojaa fedha, kila mjumbe anapewa wake, na mambo yanaendelea. Mmoja wa wajumbe hao, El Hadji Abdou Kader Beye, anawatangazia wenzake kuwa siku hiyo anaoa mke wa tatu, na wote wanakaribishwa. Mke wa kwanza, Adja Awa Astou, ni mtu wa dini na wa kimya. Wa pili, Oumi N'Doye, huvaa nywele za bandia na gauni za Ulaya, na huzihesabu zamu zake kama karani. Wa tatu, Ngone, ni binti mbichi, ambaye katika filamu nzima hasemi kitu cha kukumbukwa. Harusi inafanyika kwa fahari. Usiku unafika, na bwana harusi hawezi.

Kutoka hapo filamu inachekesha kwa ustadi mkubwa. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amemtaka El Hadji akae juu ya kinu, na mchi kati ya miguu yake, kama mila ielekezavyo. Naye alikataa, kwa kuwa yeye ni mtu wa kisasa. Sasa mtu huyo wa kisasa anazunguka kwa waganga mmoja baada ya mwingine. Tunamwona akitambaa sakafuni kumwendea mkewe na hirizi mdomoni. Gari lake la Mercedes linaoshwa kwa maji ya chupa yaliyoletwa kutoka Ufaransa, na injini yake inanyweshwa maji hayo hayo, katika mji ambao maskini wake hawana ya kunywa. Tuliwaita watu wa namna hii wabenzi, na hapa neno letu linakaa mahali pake bila kuhitaji tafsiri. Mganga mmoja anamponya. Naye anamlipa kwa hundi isiyo na fedha benki. Mganga anairudisha laana.

Msomaji ataona kuwa hakuna hawara katika hadithi hii. El Hadji hakuvunja sheria ya ndoa hata moja; ameoa kwa haki ya dini yake, mbele ya watu, na wake wakubwa walihudhuria. Hapa ndipo Sembène anapotupita wengi wetu. Udanganyifu wake hauko chini ya kitanda. Harusi ililipiwa kwa kuuza tani 100 za mchele uliokuwa wa kuwalisha wananchi. Mume huyu anawafanyia wake zake lile lile analolifanyia taifa: anachukua kilichokabidhiwa kwake kwa imani, anakitumia kwa fahari yake, na kila karatasi ina muhuri. Binti yake mkubwa, Rama, anamjibu kwa Kiwolofu kila amsemeshapo kwa Kifaransa, naye anaudhika. Kisha Chemba inapomfukuza, yeye mwenyewe anaomba kujitetea kwa Kiwolofu, na wenzake wanamkatalia. Sehemu hiyo ya filamu yafaa ionyeshwe katika kila shule ambayo mwanafunzi huadhibiwa kwa kusema Kiswahili.

Twamcheka El Hadji tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na kwa kipimo chetu kicheko hiki ni safi kuliko kile cha Mkwaju. Hatukonyezani naye. Yeye ndiye asiyejua. Mji mzima unajua. Sembène ameyahamisha maarifa: mume, ambaye katika vichekesho vyetu huwa ndani ya siri, hapa yuko nje yake, kama mke wa kawaida. Mwishowe ombaomba na vilema, aliokuwa amewafukuza mjini kama takataka, wanaingia katika nyumba ya mke wa kwanza. Kipofu mmoja anajitaja: ndiye aliyetupa laana, kwa kuwa El Hadji alipora ardhi ya ukoo wake kwa kughushi majina. Dawa ni moja, avue nguo atemewe mate. Wanamtemea, mmoja mmoja. Picha inasimama. Hakuna mtu ukumbini anayecheka, ingawa hakuna aliyejua ni wakati gani aliacha. Wakubwa wa Senegal waliikata filamu hiyo sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu ionyeshwe nchini, nasi hatushangai.

Lakini tukiuliza swali letu hadi mwisho, twaona pengo. Nani alijua? Kipofu. Nani alihukumu? Kipofu na wenzake. Wake walikuwa wapi? Awa amesimama kando analia. Rama anatazama. Ngone amekwisha kurudi kwao bila sisi kujua alifikiri nini. Oumi N'Doye ndiye peke yake aliyeondoka kwa miguu yake, akikomba vyombo na kuvipakia garini; lakini aliondoka kwa sababu fedha zimekwisha, na Sembène anataka tumcheke kwa hilo. Filamu iliyomwumbua mume mbele ya taifa haikumpa mke hata mmoja nafasi ya kujua na kuamua. Mwanamke amebaki shahidi. Tuseme kwa haki kwamba Sembène alikuwa na vita nyingine mkononi, vita ya mwenye nacho na asiye nacho, na aliipigana vizuri kuliko mwandishi yeyote wa wakati wake. Hata hivyo Tunu, mtoto wa redio, ametungwa kwa fedha za mradi na hana sifa ya ubingwa, naye amefanya jambo ambalo Awa hakuruhusiwa kulifanya.

Hapa sheria zetu zinatusaidia kuona. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumwacha mke kuwa mtazamaji. Ndoa iliyofungwa kuwa ya mke mmoja haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi kwa neno la mume pekee. Mke naye hana budi kukubali. Mume au mke aweza kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzake. Si haki ya mume tu kama ilivyozoeleka katika ugoni wa kimila. Sheria hiyo ina kasoro zake, zinazojadiliwa hadi leo. Lakini miaka minne kabla ya Xala, na miaka 22 kabla ya Tunu, ilikwisha kumweka mke katika kiti cha mtu anayejua na anayeulizwa. Sanaa yetu ya kuchekesha imekawia nyuma ya sheria, nasi twashangaa kidogo, maana tumezoea kusikia kuwa sanaa hutangulia.

Tusimalize kwa kuusifu mno mchezo wetu, kwa sababu nao una kosa, na kosa lake ni kubwa kuliko la Sembène. Xala ni laana iliyotupwa na mtu, kwa sababu, juu ya mtu mmoja mwenye hatia. Na yaweza kuondolewa. Ugonjwa uliomwua Mkwaju haujui hatia. Kichekesho cha kale kina kanuni kwamba balaa humpata aliyestahili, na mchezo uliitumia kanuni hiyo kwa virusi. Msikilizaji akajifunza kwamba Mkwaju aliugua kwa kuwa ni Mkwaju. Ni hatua fupi kutoka hapo hadi kusema kwamba kila aliyeugua alikuwa Mkwaju. Katika vijiji vya Ziwa walikuwako wajane waliougua ambao hawakupata kumjua mwanamume mwingine, na watoto waliozaliwa na ugonjwa. Wao walichekwa kwa kicheko kile kile alichokipata dereva. Mwalimu atakayeufundisha mchezo huu akumbuke kuwa darasani kwake yumkini yupo mjukuu wa mtu wa namna hiyo, ameinamisha kichwa, anasubiri somo lipite.

Tena kifo chenyewe kimechakaa kama hoja. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, na leo mtu azitumiaye vema huishi maisha marefu. Mkwaju wa siku hizi hafi. Anarudi nyumbani mzima, ana kadi yake ya kliniki mfukoni, na uongo wake unaendelea. Mtunzi aliyetegemea kaburi limhukumie sasa hana kaburi. Ametupwa tena kwenye swali la nani anajua.

Hata foleni imekwisha. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lipewalo jina la Rais John Magufuli, lilizinduliwa. Lina urefu wa kilomita tatu, na lori lililokuwa likingoja kwa saa nyingi sasa huvuka kwa dakika chache. Vijana wa foleni wametawanyika, na akina mama lishe wengi wamelazimika kutafuta mahali pengine pa kutandika meza zao. Dereva hasimami tena Kigongo; wanawake wake wako ndani ya simu. Lakini simu hiyo hulazwa kitandani usiku, kati ya watu wawili, na mke anajua kusoma. Mtunzi kijana atakaye kutuchekesha juu ya ndoa hiyo atalazimika kuanzia pale ambapo mke amekwisha kuisoma, amenyamaza, anapika chai ya asubuhi, na mume ndiye asiyejua.